Bwawa la Mihogo kwa Direkta

Marafiki, kama mnataka kucheka chekeni sasa hivi mmalize, maana aibu niliyoipata kule kwa Direkta, kando ya mto Panda, nikiwa nimevaa suti, kostimu ya rangi ya maziwa (ya kaka yangu, si yangu), mbele ya mwanamke ambaye kwa desturi sikuruhusiwa hata kumtazama usoni, haijanitoka mwilini mpaka leo. Wapo watu hapa Likasi ambao wakikutana nami sokoni wananusa hewa kwanza kabla ya kunisalimia. Wanafanya makusudi, najua. Mmoja wao ni shemeji yangu.

Na kosa lenyewe lilikuwa dogo, kosa la shingo tu: sikugeuka nyuma.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, Kampuni ya migodi imelala chali, mji mzima unaishi kwa kubahatisha. Asubuhi tulikwenda kazini kwa mazoea, tunakaa, tunaangaliana, tunarudi. Mimi nilikuwa karani wa bohari ambalo halikuwa tena na kitu ndani, yaani kazi yangu ilikuwa kulinda rafu zisiibiwe vumbi. Mshahara ulikuwa kama Yesu, kila mtu alisema utarudi na hakuna aliyejua saa. Nyumbani tulikula kwa sababu mama yangu alikuwa na meza yake ya sabuni na chumvi sokoni, na mimi, karani mzima na shati la kufunga vifungo mpaka shingoni, nilimbebea katoni.

Katika hali hiyo ndipo nilipompenda Béatrice. (Najua. Moyo hauulizi kama umelipwa.)

Baba yake, Papa Kalenga, alivunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe mpaka mgongo ukakataa, na tangu hapo alitembea wima kama mtu aliyemeza fimbo ya kwaya, hakuweza kuinama hata kufunga kamba ya kiatu. Mama yake, Mama Béa, alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, ambaye akikohoa mtaa unanyamaza. Na kulikuwa na mtu mwingine mlangoni, mfanyabiashara mmoja wa unga wa Zambia, jina lake silitaji, si kwa heshima, ni kwa wivu. Huyo bwana alikuwa na lori. Alishaleta mfuko mzima wa unga pale nyumbani "kuwasalimia wazazi", na katika miaka ile, mfuko wa unga ulisalimia vizuri kuliko pete. Mimi nilikuwa nimepeleka sabuni.

Sasa, kwa wale ambao hamjaoa kwetu, niwaeleze jambo moja, bila hilo hamtaelewa kwa nini mtu mwenye akili zake aliingia majini na viatu. Wakwe tunawaita buko, nao wanatuita hivyo hivyo. Baba mkwe, papa buko, huyo unaweza kuongea naye, mradi sauti iwe chini. Lakini mama buko ni kitu kingine. Humtazami machoni. Huli mbele yake. Humshiki mkono, wala yeye hakushiki, hata kwa kukupa kikombe, kikombe kinawekwa chini, anaondoka, ndipo unakichukua. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayetoka, unaingia majanini, unasimama huko unatazama mti mpaka apite. Familia nyingine siku hizi wameacha, wanakumbatiana kama Wazungu, lakini kwa Mama Béa haikuwa imeachwa hata kidogo. Pamoja na kuokoka, pamoja na kusema kwa lugha, desturi ya buko ilikuwa pale pale.

Basi jioni moja Papa Kalenga aliniita barazani.

"Buko," akasema, "weye unajuaka kule kwa Direkta?"

Niliona taa ya nyumba yao ikiwaka nyuma ya pazia, nikamwona Béa amesimama anasikiliza, na mdomo wangu ukatangulia.

"Kwa Direkta? Papa, kule minye najua kila roza na fasi yake!"

Ukweli ni kwamba waridi hata moja silijui, nilikwenda pale mara moja tu, nikiwa mtoto, kwaya ya shule ilipopelekwa kumwimbia Direkta, mkubwa wa Kampuni, siku ya sikukuu yake. Nyumba ya tangu enzi za Wabelgiji, ngazi pana zinazoshuka mpaka mtoni, njia ya mijakaranda, maua mpaka macho yanauma, na katikati bwawa la mviringo lenye samaki wa jiwe anayetema maji. Tuliimba, tukapewa biskuti, tukarudi. Baadaye Kampuni ilifungua bustani kwa watu wote, maarusi wakawa wanaenda kupiga foto pale, mimi nikawa nasikia habari tu. Lakini nani hajawahi kuongeza chumvi kidogo mbele ya baba wa mchumba?

Papa Kalenga akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Minye sijaingia hata siku moja. Wakati niko mutoto, tulikuwa tunachungulia mu fensi, sentineli anatufukuza na imbwa. Nikajiambia, siku moja nitapita mu mulango mukubwa, na viatu mu miguu. Kiisha kazi ikanikamata, kiisha mugongo." Akajipapasa kiunoni. "Siku ya Mungu utatupeleka. Nitaleta na muntu wa foto. Jibu yako, nitakupatia kule kule, mbele ya ile fontaine."

Jibu! Mnaelewa? Ndiyo au hapana, Béa wangu au Béa wa lori, ingesemwa mbele ya yule samaki wa jiwe. Sikulala vizuri wiki nzima. Na sikwenda kuangalia hali ya bustani kabla, kwa sababu nilikuwa na kazi kubwa zaidi, kumbembeleza kaka yangu aniazime kostimu.

Jumapili, baada ya ibada, tukaondoka kwa miguu. Msafara ulipangwa kama ubalozi. Mimi mbele, kiongozi wa njia, nimeshika shada la maua mekundu niliyochuma uani kwa mchungaji. Nyuma yangu Papa Kalenga na fimbo, amevaa kofia. Nyuma yake mpiga picha, Dieudonné, na kamera yake tumboni, anaishika kama mjamzito anavyoshika mimba. Halafu nafasi kubwa ya heshima. Halafu Béa na mama yake.

Papa Kalenga alikuwa amempa Dieudonné maagizo tangu kanisani, nilisikia kwa masikio yangu.

"Mu filme inabakia foto ngapi?"

"Moja tu, papa. Ya mwisho kabisa."

"Basi, usicheze nayo. Ukiona tu familia yote iko ku fontaine, buko na mama buko mu foto moja, weye piga. Usingoje muntu acheke. Piga."

Kumbukeni maneno hayo.

Tulipofika, lango lilikuwa halipo. Nguzo mbili za matofali zimebaki, chuma kimeshauzwa. Mijakaranda ilikuwa bado ipo upande mmoja, upande wa pili visiki, imekuwa makaa. Nikajipa moyo, nikasema ndani kutakuwa sawa. Nikapita kati ya zile nguzo, nikapiga hatua chache, nikainua macho.

Mihogo.

Bwana wee, mihogo kushoto, mihogo kulia, mihogo mirefu kuliko mtu, mpaka kwenye ngazi za nyumba, na pale palipokuwa na nyasi za kuchezea watoto wa wakubwa kulikuwa na matuta ya viazi vitamu. Walinzi wa pale hawakuwa wamelipwa kama sisi wengine, basi wamejilipa wenyewe kwa udongo. Hata ua moja hakuna. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama, angegeuka, angesema, "Papa, samahani, mambo yamebadilika." Tungecheka, tungerudi.

Lakini kugeuka ningegeukaje? Njia ilikuwa nyembamba, mihogo imebana pande zote, na sikujua Mama Béa amekaribia kiasi gani. Nikigeuka tukakutana macho kwa macho, nimemkosea heshima siku ile ile ya jibu, na yule wa unga atapata habari kabla sijafika nyumbani. Tena ningekuwa nimekiri kwamba sijui kitu. Nikaona njia bora ni kuendelea mbele na kusema kwa sauti. Nikaweka mikono nyuma, na shada langu la maua, kama nilivyokuwa nikiona wakubwa wa Kampuni wakitembea, nikaanza.

"Mukono ya kushoto, Papa, ni roza za Ulaya," nikasema. "Zimepumzika kiloko, kidogo tu."

Kimya. Nikasikia hatua nyuma yangu, taratibu, za heshima. Nikapata nguvu.

"Mukono ya kuume, fasi Madame la Direktrisi alikuwa anakunywa chai." (Matuta ya viazi.) "Na huku mbele, miti ya matunda ya inchi za mbali, ya kuletwa na ndege." (Mipapai, ile ile ya kwetu.)

Kimya tena. Nilifikiri wamezidiwa na uzuri. Mtu akianza kudanganya, anaanza kusikia makofi hata mahali pasipo na mtu.

Ndipo nikahisi kitu mkononi. Shada la maua likavutwa kidogo, kwa upole kabisa. Ua moja likatoka. Nikasimama na roho ikanipasuka kwa furaha, kwa sababu nilielewa mara moja: Béa! Béa ameacha nafasi ya mama yake, amesogea nyuma yangu kimyakimya, na sasa anachukua maua yangu moja moja, bila baba yake kujua. Ishara gani nyingine mwanamume anataka? Nikalegeza vidole. Likavutwa lingine.

"Kamata, chérie," nikanong'ona bila kugeuka. "Kamata tu, yote ni yako."

Lingine likaenda. Nikahisi na pumzi ya moto kwenye vidole.

"Baba yako akikubali ao asikubali," nikasema, na sasa sauti ilikuwa imenitoka puani kwa mahaba, "minye nitakulisha. Sina lori, sina unga, lakini mutoto ya bantu hautalala njaa kwangu. Unasikia? Jibu basi."

"Mêêêê," akajibu.

Nikageuka.

Alikuwa mbuzi. Mbuzi mweupe mwenye ndevu za kikatekista, na ua jekundu la mwisho likining'inia mdomoni, ananitazama kwa macho yasiyo na deni lolote. Nyuma ya mbuzi, njia tupu mpaka kwenye nguzo za lango. Hakuna Papa Kalenga, hakuna kamera, hakuna familia. Nilikuwa nimemtembeza mbuzi bustani nzima.

Kicheko kikalipuka nyuma yangu. Nilikuwa nimeshafika karibu na bwawa bila kujua, na pale ukingoni walikuwa wameketi wanawake wa walinzi na visu vyao, wakimenya mihogo, wamesikia kila kitu. Mmoja, mwenye kitambaa cha bluu kichwani, alikuwa ameanguka kwenye bega la mwenzake analia machozi.

"Bwana," akaniambia alipoweza kupumua, "ile mbuzi iko dume!"

Nikataka kusema kitu chenye hadhi. Nikauliza tu kama wameona familia, mzee mwenye kofia, na mwanamke mnene.

"Wako kule ku mihogo ya mbele, karibu na mulango," akasema mwingine. "Yule mama ameona sombe yetu, majani ya mihogo mateketeke, amesimama anachuma. Tumemwambia achume tu. Mulinzi atawapitisha mu njia ya ngazi, watatokea hapa hapa."

Yaani wakati mimi nawaonyesha roza, mama buko aliona mboga, na Papa Kalenga, mume mwema, akamsubiri. Hiyo ndiyo hadithi yote. Hawakuzidiwa na uzuri, walikuwa wanachuma sombe.

Nikajipangusa, nikaamua kuwangojea pale kwenye bwawa kama mtu ambaye alipanga hivyo tangu mwanzo. Nikazunguka ukingo. Njia pale ilikuwa finyu sana, upande mmoja ukuta wa ngazi za nyumba, upande wa pili bwawa. Ila maji ya bwawa sikuyaona. Nilimwona samaki wa jiwe, mdomo wazi, hatemi kitu, na kumzunguka nikaona ardhi imetandikwa majani ya migomba na magunia makuukuu. Nikafikiri wamelifukia, wamepanda kitu. Hata harufu niliisikia, ile harufu kali ya mihogo iliyolowekwa siku nyingi mpaka ilainike, lakini nikasema ni ya mapipa yao.

Na hapo, kwenye kona ya ngazi, akatokea Mama Béa.

Alikuwa peke yake mbele, na furushi la sombe kichwani, anakuja kwenye njia ile ile finyu, uso kwa uso na mimi, hatua chache tu kati yetu. Sikufikiri. Mtu aliyelelewa vizuri hafikiri katika jambo hilo, miguu yenyewe inajua. Nikainamisha macho, nikasema, "Samahani, mama," nikatoka njiani.

Nikatokea majini.

Si maji, jamani. Yangekuwa maji ningesema maji. Ni uji. Mihogo ya familia za walinzi wote ilikuwa imelala mle ndani chini ya magunia, imeoza ule uozo mzuri wa kufanya bukari, ugali wetu, na mimi nilizama mpaka kifuani katika kostimu ya kaka yangu. Povu jeupe likanipanda masikioni. Nikajaribu kusimama, chini pakateleza. Nikashika ukingo, ukingo nao una utelezi, nikarudi ndani na safari hii nikameza. Sitaelezea ladha. Bukari sikula kwa miezi, na katika miaka ile kukataa bukari kulikuwa ni kukataa chakula.

"Munitoshe!" nikapiga kelele wanitoe nje. "Munitoshe humu!"

Wanawake wa kisu walijaribu kusimama, wakashindwa kwa kucheka, yule wa kitambaa cha bluu alilala chini kabisa. Papa Kalenga akafika, akainyoosha fimbo, lakini ili fimbo inifikie ilibidi ainame, na kuinama mgongo wake ulishakataa tangu Kakontwe, kwa hiyo fimbo ikawa inachora hewani juu ya kichwa changu kama anayebariki. Dieudonné alirudi nyuma na kamera yake.

"Minye siwezi, kaka," akasema, "kamera ikianguka, mutaa muzima itabakia bila foto!"

Béa alivua viatu akaanza kukimbia, mama yake akamzuia kwa mkono mmoja. "Weye baki! Mukianguka wawili, nitatosha nani kwanza?"

Kisha Mama Béa akateremsha sombe yake chini. Akafungua kitenge cha juu, akakishika ncha moja, akanirushia ncha ya pili, kwa heshima, akiwa ametazama pembeni. Nikakishika. Akavuta. Kitenge kikateleza mikononi mwangu kama mlenda, nikarudi chini tena mpaka puani, na nadhani hapo nilianza kupiga piga maji kwa namna ambayo si ya kuigiza, maana kicheko cha wale wanawake kilikatika ghafla.

Mama Béa akageuka. Akanitazama. Machoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona macho ya mama huyo, na ningeweza kuwaambia hata sasa yalivyokuwa: yamekasirika na yameogopa. Akapiga magoti ukingoni, akaingiza mkono kwenye ule uji, akanikamata mkono wangu wazi, kiganja kwa kiganja, akanivuta nje kama mtu anayeng'oa muhogo.

Na Dieudonné, ambaye aliona familia yote iko kwenye fontaine, buko na mama buko katika foto moja, akapiga.

Ile sauti ya kamera, tak, ndiyo iliyotuzindua. Nilikuwa nimelala kwenye saruji, naye bado amenishika. Mmoja wa wale wanawake akaweka mkono mdomoni.

"Ee Mungu wangu," akasema. "Amemukamata buko yake."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Hata mbuzi, nakumbuka, alinyamaza. Mama Béa akaachia mkono wangu polepole, akautazama wake, mweupe mpaka kiwiko. Nilijua imekwisha. Kwa ukoo wao hilo si jambo dogo, kuna ndoa zilizovunjika kwa chini ya hapo. Nikamwona Béa ameshika viatu vyake kifuani, na nikahisi uchungu kwelikweli, si wa kostimu, si wa kuchekwa, uchungu wa kumpoteza mtu ukiwa unamwona pale pale mbele yako.

Papa Kalenga akaketi kwenye ukingo wa bwawa, wima. Akavua kofia. Akatazama mihogo yote ile, ngazi, samaki wa jiwe.

"Mama," akamwambia mkewe taratibu, "umefanya nini?"

Mama Béa alikuwa anajipangusa na kitenge. "Weye ulitaka nimuache afe na heshima?"

"Sijasema vile."

"Heshima iko ya bantu bazima, papa. Maiti haiheshimu muntu." Kisha akaninyooshea kidole, na safari hii hakutazama pembeni. "Na uyu, amejitupa mu maji juu ya kunipisha minye. Yule wa lori, siku ile mu soko, minye natoka huku, yeye anatoka kule, alitoka mu njia? Alipiga klaksoni!"

Sikujua habari hiyo ya klaksoni. Béa naye hakuijua. Papa Kalenga pia inaonekana hakuijua, maana alimtazama mkewe muda mrefu, halafu kitu kikaanza kumtikisa mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mzee wa watu, anacheka bila kuinama, mikono kiunoni, na huku machozi yanamtoka.

"Maisha yote," akasema, "maisha yote nilisema siku moja nitaingia kwa Direkta. Leo nimeingia, na viatu mu miguu, na ni shamba tu! Ni shamba ya mihogo!" Akajifuta macho kwa kofia. "Na iko muzuri. Ile maua tulikuwa tunaangaliaka tu. Hata siku moja hatukuikula."

Kisha akanigeukia.

"Buko."

"Papa."

"Roza ziko wapi?"

Nikasema, nikiwa nadondoka uji, "Papa, roza sikuziona. Nilikuwa nasema tu."

"Tulikusikia," akasema. "Mpaka kule ku sombe tulikuwa tunasikia. Ulimwambia nani ile maneno ya kumulisha?"

Wanawake wa kisu wakaanguka tena. Yule wa kitambaa cha bluu ndiye aliyenijibia, akionyesha mbuzi kwa kisu. Béa akatazama mbuzi, akanitazama mimi, akaketi chini na viatu vyake, akacheka mpaka akapata kwikwi. Ndivyo nilivyopata jibu langu. Papa Kalenga alisema nilete kuku mweupe wa kutoa haya kati yangu na mama buko, mambo yaishe, na baada ya kuku tuzungumze siku ya harusi.

Wanawake wale wakasema nimeshachafua maji, mihogo lazima itolewe leo leo ianikwe, na mikono haitoshi. Basi alasiri ile yote, mimi nikiwa nimefungwa kitenge kama mzazi wa jana, sote tulianika mihogo kwenye ngazi za Direkta, mkwe na mkwe, Papa Kalenga akiwa amesimama juu kabisa anatoa amri na fimbo, pale pale ambapo nadhani Direkta mwenyewe alikuwa akisimama. Tukarudi mjini na mafungu ya mihogo kichwani. Mimi nilitembea nyuma kabisa, kwa sababu ya upepo.

Kaka yangu alinisemesha tena mwaka uliofuata. Kostimu ilifuliwa, ikaanikwa, ikafuliwa, mwishowe tukamvalisha mtu wa kutishia ndege, na ndege wakaja wengi zaidi.

Foto ipo. Iko sebuleni kwa wakwe zangu mpaka leo, kwenye fremu, juu ya kabati ya sahani. Samaki wa jiwe amekatwa kichwa, Papa Kalenga ametokea vizuri kabisa na fimbo angani, na katikati mama buko amepiga magoti, amekamata mkono wa kitu cheupe kisichojulikana. Wageni wakiuliza ni nini kile, wanangu wanakimbilia kujibu.

Kwa hiyo nawaambia, na mimi nimejiapiza: sitamwongoza mtu mahali popote tena bila kugeuka nyuma kumtazama, awe mkubwa awe mdogo, awe buko awe nani. Siku hizi nikitembea na watu nageuka kila mara, mpaka wengine wananiuliza kama shingo inaniuma.

Na kuhusu desturi, kuku mweupe aliliwa, haya ikaisha, lakini mazoea ni mazoea. Bado nikikutana na mama buko kwenye njia nyembamba, miguu yangu inataka yenyewe kuingia majanini. Siku hizi amezeeka, anatembea na ile fimbo ya marehemu mumewe. Ila akiniona tu kwa mbali naanza kusogea pembeni, ananyoosha fimbo na kupaza sauti, watu wote wasikie.

"Buko! Simama pale pale! Leo ni minye nitatoka mu njia."